Siri Nje ya Msimbo: Historia ya Kutenganisha Programu, Mipangilio na Nywila, 1962–2024

IKISIRI

Insha hii inafuatilia historia ya desturi ya kuweka mipangilio na nywila za programu katika mafaili yaliyo nje ya msimbo wake, kuanzia mfumo wa CTSS wa miaka ya 1960 hadi mafaili ya .env ya wakati wetu. Hoja ya msingi ni kwamba ndani ya historia hiyo mna utengano wa aina mbili ambao mara nyingi huchukuliwa kuwa mmoja: kutenga thamani na msimbo, na kutenga siri na mpangilio wa kawaida. Utengano wa kwanza ulikubalika mapema kwa kuwa ulirahisisha kazi. Wa pili uligunduliwa, ukasahauliwa, kisha ukagunduliwa upya, na gharama ya usahaulifu huo imebebwa zaidi na watu ambao hawakushiriki katika uamuzi wowote wa kiufundi.

1.0 Utangulizi

Katikati ya miaka ya 1960, watumiaji wa mfumo wa CTSS katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, waliingia katika kompyuta yao wakitarajia kusomewa tangazo la siku. Badala yake, kila aliyeingia alionyeshwa orodha ya nywila za watumiaji wote. Hapakuwa na mdukuzi. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja, mmoja faili la tangazo na mwingine faili la nywila, na kihariri kiliyapa mafaili yao ya muda jina lile lile. Yaliyomo yakabadilishana nafasi. Fernando Corbató, aliyeongoza ujenzi wa mfumo huo, alilisimulia tukio hili katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing.

Tukio hili hutajwa mara nyingi kama kichekesho cha zama za mwanzo za kompyuta. Insha hii inalichukulia kuwa ushahidi. Mafaili yote mawili yalikuwa nje ya programu, na yote mawili yalisomwa na programu wakati wa kufanya kazi. Tangazo liliandikwa ili lisomwe na wote, ilhali nywila zilihifadhiwa ili zisisomwe na yeyote isipokuwa mfumo wenyewe. Hata hivyo, mbele ya kihariri yalikuwa mafaili mawili ya matini yasiyo na tofauti. Swali linaloongoza uchunguzi huu linatokana na hapo: ikiwa kuitoa thamani nje ya msimbo ni jambo moja na kuilinda ni jambo jingine, kwa nini mambo haya mawili yamechanganywa kwa zaidi ya nusu karne?

Katika insha hii, neno mipangilio linatumika kwa maana ya thamani zinazobadilika kutoka mahali pa kazi hadi pengine bila programu yenyewe kubadilika, kama vile anwani ya hifadhidata, lugha ya mtumiaji au saraka ya kuhifadhia kumbukumbu. Neno siri linatumika kwa thamani ambazo kuzijua tu kunatosha kumpa mtu mamlaka, yaani nywila, funguo na tokeni. Siri ni mpangilio kwa umbo lake, lakini kwa athari zake si mpangilio.

2.0 Faili Lililosomwa na Wote

CTSS, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961, iliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi fupi. Hali hiyo ilizaa haja ya nywila, kwa sababu kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na mgawo wake wa muda. Mwaka 1962, Allan Scherr, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu, alihitaji muda zaidi ya aliopangiwa. Aliwasilisha kadi ya matundu iliyoagiza mafaili fulani yachapwe, na mashine ikamchapia orodha ya nywila. Hakuvunja kizuizi chochote. Aliomba faili, naye akapewa. Hivyo, kabla ya ile ajali ya tangazo la siku, tayari ilikuwa imedhihirika kwamba usalama wa faili unategemea nani anaruhusiwa kuliomba.

Mfumo wa Unix, ulioanza kuundwa katika maabara za Bell mwaka 1969, uliendeleza desturi hii na kuifanya kanuni. Mipangilio ya mfumo iliwekwa katika saraka ya /etc kwa matini ya kawaida, na faili la /etc/passwd likawa mfano wake mashuhuri. Kila mstari wa faili hili katika umbo lake lililozoeleka una sehemu 7 zinazotenganishwa kwa nukta pacha: jina la mtumiaji, nywila, namba yake, namba ya kundi, maelezo, saraka ya nyumbani na programu inayopokea amri zake. Kati ya sehemu hizo 7, moja tu ni siri. Sita zilizobaki ni mipangilio inayohitajiwa na programu nyingi za kawaida. Hata ile inayoorodhesha mafaili ilihitaji kujua namba fulani ni ya mtu gani. Kwa sababu hiyo, faili zima lilipaswa kusomeka na kila mtu. Siri moja ilipangishwa chumba katika nyumba isiyo na mlango.

Wabunifu wa Unix hawakuwa wazembe. Katika makala yao ya mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson walieleza kwamba walichagua kulichukulia faili hilo kuwa la wazi na kuilinda nywila kwa njia ya hisabati: ilihifadhiwa baada ya kugeuzwa kwa hesabu isiyorudishika, ikachanganywa na biti 12 za nasibu ambazo wataalamu waliziita chumvi, ili nywila mbili zinazofanana zisitoe matokeo yanayofanana. Hata hivyo, makala hiyo hiyo ilionyesha udhaifu wa kinga hiyo. Kati ya nywila 3,289 walizokusanya, asilimia 86 zilikuwa fupi mno au zilipatikana katika kamusi na orodha za majina. Hesabu ilikuwa imara. Watu waliochagua nywila hawakuwa hivyo. Aliyeweza kulisoma faili aliweza pia kubahatisha kwa utulivu, bila mfumo kujua.

Uthibitisho ulikuja tarehe 2 Novemba 1988. Programu ya kujisambaza iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilienea katika intaneti ya wakati huo. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kulisoma faili la nywila, kujaribu maneno 432 iliyoyabeba yenyewe, kisha kujaribu kamusi iliyokuwa ndani ya mashine iliyovamiwa. Mwandishi wake alikuwa mwana wa Robert Morris yule yule. Insha hii haihitaji kulitilia mkazo jambo hilo kupita kiasi, lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa onyo lililochapishwa kwa miaka 9 bila kufanyiwa kazi na wengi.

Suluhisho lilikuwa jepesi kulieleza: iondoe ile sehemu moja ya siri na kuiweka katika faili la pili linalosomwa na msimamizi pekee. Mwaka 1987 Julie Haugh alikuwa ameandika seti ya programu zilizotekeleza wazo hilo, na kufikia miaka ya 1990 faili la /etc/shadow lilikuwa jambo la kawaida katika familia ya Unix. Kihistoria, huu ndio utengano wa pili katika umbo lake safi kabisa. Mipangilio ilibaki ilipokuwa, wazi kwa wote, na siri ikahamia mahali pengine penye msomaji mmoja.

3.0 Programu Inayokataa Kusoma

Sambamba na suala la nywila za watumiaji, liliibuka suala la nywila ambazo programu yenyewe huzihitaji ili iingie mahali pengine. Katika matoleo ya Unix ya Berkeley ya miaka ya 1980, programu ya kuhamisha mafaili iliweza kusoma jina la seva, mtumiaji na nywila kutoka faili la .netrc katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji. Nywila humo iliandikwa bila kugeuzwa, kwa kuwa ilipaswa kutumwa kama ilivyo. Hapa hisabati ya Morris na Thompson haikuweza kusaidia: aliyehifadhi siri ili aitumie hawezi kuihifadhi katika umbo lisilorudishika.

Jibu lililopatikana lilikuwa la kitabia zaidi kuliko la kihisabati. Programu ililikagua faili kabla ya kulitumia. Ikiwa lilikuwa na nywila na lilisomeka na watumiaji wengine, programu ilikataa na kumtaka mwenye faili arekebishe ruhusa. Desturi hiyo iliendelezwa na SSH, iliyoandikwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake. Hadi leo, SSH hukataa ufunguo binafsi ulio katika faili linalosomeka na wengine. Kanuni iliyo nyuma ya tabia hii inastahili kutajwa bayana: msomaji wa siri ana wajibu juu ya hali ya siri anayoisoma. Si mwandishi wa faili pekee anayewajibika.

Kwingineko, utengano wa kwanza uliendelea bila wa pili. Windows ilitumia mafaili ya .ini tangu toleo lake la mwanzo la mwaka 1985, na kisha ikahamishia mipangilio mingi katika rejesta yake. Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na darasa maalumu la kusomea jozi za jina na thamani kutoka faili. Katika mafaili haya, anwani ya hifadhidata na nywila yake vilikaa mstari mmoja juu ya mwingine, bila alama ya kuvitofautisha na bila programu kuuliza nani mwingine anayeweza kuvisoma. Usanifu ulikuwa umejifunza kutoa thamani nje ya msimbo. Somo la /etc/shadow halikusafiri pamoja nao.

4.0 Hazina Inayokumbuka Kila Kitu

Mazingira yalibadilika kwa namna mbili mwanzoni mwa karne ya 21. Kwanza, mfumo wa Git, uliotolewa mwaka 2005, ulimpa kila mshiriki nakala kamili ya msimbo pamoja na historia yake yote. Pili, kuanzia mwaka 2008, GitHub ilifanya kuchapisha msimbo hadharani kuwa jambo la dakika moja. Katika mazingira ya awali, kufuta mstari wenye nywila kulitosha mara nyingi. Katika Git, mstari uliofutwa leo hubaki katika historia ya jana, na yeyote aliyechukua nakala anao.

Mwezi Januari 2013, GitHub ilipoanzisha zana mpya ya kutafuta ndani ya misimbo, watu waligundua papo hapo kwamba ilitosha kutafuta majina ya kawaida ya mafaili ya funguo ili kuzipata funguo binafsi za wageni. Kilichokuwa kimefichwa na wingi wa misimbo peke yake kilifichuliwa na zana ya utafutaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State uliowasilishwa mwaka 2019 ulikuta siri katika hazina zaidi ya 100,000 za GitHub, na kwamba maelfu ya siri mpya yalikuwa yakivuja kila siku.

Katikati ya hali hii ndipo ulipochapishwa, mwaka 2011, mwongozo uitwao The Twelve-Factor App, ulioandikwa na Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Heroku. Kanuni yake ya tatu ilidai utengano mkali wa mipangilio na msimbo, na ikatoa kipimo cha kuvutia: je, msimbo wote unaweza kuchapishwa hadharani sasa hivi bila kuhatarisha siri yoyote? Mwongozo ulipendekeza vigeu vya mazingira, utaratibu uliokuwamo katika Unix tangu toleo lake la saba la mwaka 1979. Kwa kuwa kuviandika vigeu hivyo kwa mkono kila mara ni kazi ya kuchosha, zilienea maktaba zinazovisoma kutoka faili dogo liitwalo .env, kwanza katika lugha ya Ruby na baadaye katika karibu kila lugha. Laravel, mfumo mashuhuri wa PHP, uliipokea desturi hiyo katika toleo lake la tano la mwaka 2015.

Ikipimwa kwa kigezo cha insha hii, kanuni ya tatu ilikamilisha utengano wa kwanza kwa ufasaha usiowahi kufikiwa, lakini ilirudisha nyuma utengano wa pili. Nywila ya hifadhidata na jina la lugha ya mtumiaji vilirejea katika faili moja, kama ilivyokuwa katika /etc/passwd. Aidha, vigeu vya mazingira vina wasomaji wengi kuliko inavyodhaniwa: hurithiwa na kila programu tanzu, na huweza kuchapwa katika ripoti ya hitilafu iliyokusudiwa kumsaidia mhandisi. Tena, maktaba za .env kwa kawaida hazikurithi tabia ya SSH ya kukataa faili lililo wazi mno.

5.0 Gharama na Waliolipa

Matukio matatu yanaonyesha kilichokuwa hatarini. La kwanza ni la kampuni ya Uber. Mwaka 2014, mvamizi alitumia ufunguo ambao mhandisi aliuchapisha hadharani katika GitHub, akazifikia taarifa za madereva zaidi ya 50,000. Mwaka 2016, ufunguo mwingine ulipatikana ndani ya hazina isiyo ya hadharani, baada ya wavamizi kuingia kwa nywila za wahandisi zilizovuja kwingineko. Safari hii waliathirika watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni iliwalipa wavamizi dola 100,000, na umma haukuelezwa hadi Novemba 2017. Kosa la pili lina funzo la pekee: hazina ilikuwa ya faragha, kwa hiyo kipimo cha kuchapisha hadharani kisingelifichua. Msomaji aliyeogopwa alikuwa umma, ilhali msomaji aliyekuja alivaa jina la mfanyakazi.

La pili ni la benki ya Capital One, mwaka 2019. Hapa hapakuwa na faili la siri. Seva zilipewa funguo za muda mfupi na huduma ya ndani ya wingu, utaratibu uliobuniwa makusudi ili kuepuka mafaili. Mvamizi aliihadaa seva yenye mpangilio mbovu iombe funguo hizo kwa niaba yake, na taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada zikachukuliwa. Ni mbinu ya Scherr na kadi yake ya matundu, miaka 57 baadaye: mfumo uliombwa, nao ukatoa.

La tatu liliripotiwa na watafiti wa Palo Alto Networks mwezi Agosti 2024. Wahalifu walitafuta katika intaneti mafaili ya .env yaliyoachwa mahali ambapo seva ya tovuti huyatoa kwa yeyote anayeyaomba. Walilenga vikoa 110,000, na katika mafaili waliyoyapata mlikuwa na vigeu zaidi ya 90,000, kati yake 7,000 vikihusu huduma za wingu. Kisha wakadai fidia kwa wenye data. Faili lililobuniwa ili siri isikae ndani ya msimbo lilikuwa limewekwa kando ya msimbo, katika saraka ile ile inayotazamwa na ulimwengu.

Katika matukio yote matatu, waliolipa zaidi hawakuwa wahandisi. Walikuwa madereva ambao namba za leseni zao zilichukuliwa na waombaji wa kadi za mikopo waliojaza fomu kwa uaminifu. Mtu huyo hajui kama kuna faili, lipo wapi, wala nani analisoma.

6.0 Siri ya Kwanza

Jibu la kitaasisi lililojitokeza kuanzia mwaka 2015, Vault ya kampuni ya HashiCorp ikiwa mfano wake, ni kuwa na mtunzaji mmoja wa siri ambaye huzitoa kwa muda mfupi, huandika nani aliomba nini, na huweza kuzifuta. Kwa mtazamo wa insha hii, huku ni kurejea kwa /etc/shadow katika kiwango cha mtandao. Hata hivyo, njia hii haiwezi kuufikia mwisho wa tatizo. Ili programu imwombe mtunzaji siri, lazima ijithibitishe kwake, na uthibitisho huo ni siri nyingine inayohitaji mahali pa kukaa. Siri hii ya kwanza inaweza kufupishwa maisha, kufungwa katika kifaa au kukabidhiwa kwa mashine nyingine, haiwezi kuondolewa. Ndiyo maana haitoshi kuuliza tu siri imehifadhiwa wapi. Kwa kila hatua yapasa kuuliza: nani anaweza kuisoma, kwa muda gani, na nani atajua kwamba ameisoma?

Maswali haya yana uzito wa karibu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Msanidi programu wa Nairobi anayeunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa hupewa jozi ya ufunguo na siri, na mara nyingi mahali pa kwanza anapoziweka ni faili la .env. Wakati huo huo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimewapa wanaokusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Sheria hizo hazitaji majina ya mafaili, wala hazina haja ya kufanya hivyo. Zinachofanya ni kumrudisha katika hesabu yule mtu ambaye historia ya kiufundi ilimsahau.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kuitoa thamani nje ya msimbo hakukuwa kuilinda. CTSS iliweka tangazo na nywila katika mafaili ya namna moja; Unix iliweka siri moja kati ya mipangilio sita; .env iliurudia mpangilio huo baada ya /etc/shadow kuwa imeonyesha njia nyingine. Kila mara urahisi ulisukuma utengano wa kwanza mbele, na kila mara wa pili ulisubiri madhara. Imebainika pia kwamba desturi mbili za zamani, yaani faili tofauti kwa siri na programu inayokataa kusoma faili lililo wazi mno, zingeweza kurithiwa kwa gharama ndogo. Kutorithiwa kwake hakukusababishwa na ukosefu wa maarifa, kwa maana maarifa yalikuwa yamechapishwa tangu mwaka 1979. Kulisababishwa na mazoea ya kuichukulia siri kuwa thamani kama thamani nyingine, kwa kuwa tu huandikwa kwa herufi zile zile katika mstari unaofuata.